Liverpool na Genk, Novemba 2019: nilivyoandika 4-0 nikiwa na majibu mkononi

Jumatatu usiku, tarehe 4 Novemba 2019, niliandika uchambuzi wa kabla ya mechi kwa ajili ya kundi letu la WhatsApp la watu wa mpira. Mechi ilikuwa kesho yake saa 5:00 usiku kwa saa zetu: Liverpool, mabingwa watetezi wa Ulaya, wakiwakaribisha Genk ya Ubelgiji pale Anfield, mzunguko wa nne wa Kundi E la Ligi ya Mabingwa. Niliandika aya sita. Tano zilikuwa za kuwamwagia sifa Majogoo, yaani Liverpool, moja ya Mbwana Samatta, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa mshambuliaji wa Genk, na mwisho nikapiga muhuri: 4-0.

Ikaisha 2-1.

Wapo walioniambia nisijisumbue, si Liverpool walishinda? Walishinda, ndiyo. Lakini mshindi wa mechi ile alijulikana hata na mama anayetuuzia chapati pale kijiweni, ambaye mpira hautazami. Anayeandika uchambuzi wa kigogo na kibonde anatakiwa aseme mechi itakwendaje: kibonde atapitia mlango upi, kigogo atalegea wapi, na pengo litakuwa kubwa kiasi gani. Kwenye hayo matatu nilitoka patupu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sikuhitaji siri za kambini wala kompyuta ya kukokotoa. Nilihitaji daftari na matokeo ya miezi mitatu, na matokeo yote nilikuwa nayo kwenye simu.

Kwa hiyo nimeirudia kazi ile, safari hii kwa utaratibu.

Naanza na Liverpool nyumbani, maana hapo ndipo penye utamu. Msimu wa 2019/20 waliufungua Anfield tarehe 9 Agosti kwa kuwachapa Norwich 4-1. Wakaja Arsenal, 3-1. Newcastle, 3-1. Oktoba 2 wakaja Salzburg kwenye Ligi ya Mabingwa, 4-3. Leicester, 2-1. Tottenham, 2-1. Kisha Oktoba 30, Kombe la Ligi, Arsenal tena, 5-5 na Liverpool wakapita kwa penalti. Mechi saba. Yasome tena matokeo hayo ukiziba upande wa kushoto kwa kidole, ubaki na mabao ya wageni tu: moja, moja, moja, matatu, moja, moja, matano. Hakuna sifuri hata moja. Miezi mitatu Anfield, na hakuna mgeni aliyeondoka bila bao.

Nami nikaandika 4-0. Hiyo sifuri niliitoa wapi? Niliitoa kwenye jina. Liverpool walikuwa na beki Virgil van Dijk, walikuwa na kipa Alisson, walikuwa wamebeba kombe Madrid tarehe 1 Juni kwa kuwafunga Tottenham 2-0, na kichwani mwangu timu ya namna hiyo haifungwi na Genk.

Ukitoka nje ya Anfield hadithi haibadiliki sana. Kwenye ligi walikuwa wamecheza mechi 11, wameshinda 10, sare moja, pointi 31. Rekodi ya kutisha. Lakini katika mechi hizo 11 walimaliza bila kuruhusu bao mara mbili tu, kwa Burnley na kwa Sheffield United, zote ugenini. Tisa zilizobaki wameruhusu bao moja moja, kama mtu anayelipa ushuru wa soko: kila akipita, anaacha kitu. Liverpool ile ilikuwa timu bora Uingereza, na pia ilikuwa timu ambayo karibu kila mtu aliifunga. Mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja, na mimi nilimpigia hodi mmoja tu.

Shabiki anayewatetea Liverpool angekuwa na hoja, na nakiri ni hoja ya maana. Alisson aliumia kwenye mechi ile ya kwanza kabisa na Norwich, akakaa nje mpaka Oktoba 20, langoni akasimama Adrián. Kwa hiyo, ataniambia, mabao hayo ni ya Adrián, Alisson akirudi mlango unafungwa. Ni hoja inayopimika kirahisi. Tangu Alisson arejee alikuwa amekaa langoni mechi nne kabla ya Novemba 5: Manchester United, Genk kule Ubelgiji, Tottenham, Aston Villa. Alifungwa moja, moja, moja na moja. Tatizo halikuwa la glavu.

Lilikuwa la namna timu inavyocheza. Mabeki wa pembeni, Trent Alexander-Arnold na Andy Robertson, ndio waliokuwa viwanda vya mashambulizi, na mtu hawezi kuwa kiwandani na nyumbani kwa wakati mmoja. Mabeki wa kati walisimama juu, karibu na mstari wa katikati. Ukinasa mpira na ukawa na mtu wa mbio, nyuma yao kuna uwanja mzima wa kulima. Teemu Pukki wa Norwich alikuwa amelionyesha hilo siku ya kwanza tu ya msimu. Kocha wao, Jürgen Klopp, alijua, na alikubali hesabu hiyo: tutafunga mengi kuliko tutakayofungwa. Ilimlipa vizuri mno, kwa hiyo simkosoi. Ninayemkosoa ni mchambuzi aliyeona hesabu ya mwenzie akaifuta nusu.

Na pengo la mabao? Hapa ndipo nilipovurunda zaidi. Kuanzia Septemba 28 mpaka Novemba 2, ukiiacha ile vurugu ya Kombe la Ligi ambako walichezeshwa watoto, Liverpool walicheza mechi saba: Sheffield United 1-0, Salzburg 4-3, Leicester 2-1, Manchester United 1-1, Genk 4-1, Tottenham 2-1, Aston Villa 2-1. Katika saba hizo ni moja tu waliyoshinda kwa zaidi ya bao moja. Leicester walifungwa kwa penalti ya James Milner dakika ya tano ya nyongeza. Villa waliongoza mpaka dakika ya 87, Robertson akasawazisha, Mané akafunga dakika ya nne ya nyongeza. Hao walikuwa wakishinda kwa kukwaruza, kwa kucha, dakika za majeruhi. Timu inayoshinda hivyo inaweza kumpiga mtu manne kesho yake, mpira una mambo yake, lakini ukiandika manne inabidi utoe sababu. Sababu yangu ilikuwa moja: wiki mbili nyuma waliwapiga hao hao Genk manne kwao.

Matokeo yale ya 4-1 ndiyo yaliyonipofusha, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Oktoba 23, kule Genk. Alex Oxlade-Chamberlain alifunga dakika ya pili. Ukifungwa dakika ya pili na mabingwa wa Ulaya mpango wako wote unakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Lakini Genk hawakuvunjika. Wakiwa nyuma kwa bao hilo moja, Junya Ito akachomoka upande wa kulia, akapiga krosi, Samatta akaruka, kichwa, wavuni. Alisson hakuwa na la kufanya. Uwanja ukalipuka, na huku kwetu nadhani paa kadhaa za mabati ziliinuka. Kisha VAR, waamuzi wa video. Ito alikuwa ameotea kabla ya krosi. Bao likafutwa, ikabaki 1-0. Kipindi cha pili Oxlade-Chamberlain akaongeza la pili, Mané la tatu dakika ya 77, Salah la nne dakika ya 87, na dakika iliyofuata Mnigeria Stephen Odey akawafutia Genk machozi.

Ukisoma 4-1 kwenye simu unaona kipigo. Ukiitazama mechi unaona saa moja na robo ya Genk wakiwa bado ndani ya mchezo, na mabao mawili ya mwisho yakiingia wakati wameshatoka nje ya umbo lao kutafuta chochote. Zaidi ya hapo unaona kitu ambacho mchambuzi anapaswa kukizungushia duara jekundu: Samatta alishinda mpira wa juu ndani ya boksi la Liverpool na kumpita Alisson. Bao lilikataliwa kwa kosa la mwenzake. Kichwa chenyewe kilikuwa halali kabisa. Mara nyingi bao lililokataliwa linakueleza mengi kuliko lililokubaliwa, kwa sababu kitabu cha matokeo hakilionyeshi na wapinzani wako kwenye ubishi hawalikumbuki.

Samatta mwenyewe niliandika aya nzima, na yote ilikuwa maji matupu: fahari ya taifa, kijana wa Mbagala, kutoka African Lyon na Simba mpaka TP Mazembe, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akatua Genk Januari 2016. Yote kweli. Yote hayamsaidii mtu anayetaka kujua kesho itakuwaje. Nilichopaswa kuandika ni kwamba yule alikuwa mshambuliaji wa kiwango cha juu ndani ya timu iliyoporomoka. Msimu wa 2018/19 aliwafungia Genk zaidi ya mabao 20 ya ligi, wakawa mabingwa wa Ubelgiji, na mwezi Mei akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Septemba 17, kwenye mechi yake ya kwanza ya makundi, aliwafunga Salzburg kwao. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufunga hatua hiyo kabla yake. Kwa maneno ya kijiweni: kibonde alikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa kibonde.

Siku ile ile Salzburg waliwapiga Genk 6-2, Erling Haaland akapiga matatu. Na hapo ndipo unapoelewa kwa nini, pamoja na nyufa zote za Liverpool nilizozitaja, sikuwahi kufikiri Genk wanashinda, wala sitabadilisha hilo leo kwa kujifanya mjanja baada ya tukio. Genk waliokuja Anfield hawakuwa tena wale mabingwa. Alejandro Pozuelo, fundi wao wa katikati, aliondoka Machi 2019 kwenda Toronto. Kiangazi Leandro Trossard akaenda Brighton, Ruslan Malinovskyi akaenda Atalanta. Kocha Philippe Clement akahamia Club Brugge, nafasi yake akachukua Felice Mazzù kutoka Charleroi. Toa viungo washambuliaji watatu na kocha, halafu uipeleke timu Ligi ya Mabingwa. Wamebaki na Samatta mbele, Ito pembeni na Sander Berge katikati, na mpishi hayupo.

Wengi tukichambua kibonde tunakosea kwa kumchukulia kama kitu kimoja: dhaifu, basi. Vibonde wanatofautiana kama ndizi za sokoni. Salzburg nao kwa jina walikuwa vibonde Anfield. Walikuwa wamefungwa 3-0 dakika ya 36, wakarudi 3-3 dakika ya 60 kupitia Hwang, Minamino na Haaland, ndipo Salah akawaokoa Liverpool dakika ya 69. Hao walikuwa na miguu ya kukaba juu na kukimbia nyuma ya ile safu. Genk hawakuwa na miguu hiyo. Walikuwa na uwezo wa kukaa chini, kuvumilia, na kutafuta mpira mmoja uliosimama: kona, faulo. Ukilinganisha Salzburg na Genk kwa neno moja la kibonde umeshapoteza mechi mbili.

Kuna kitu kingine nilikiruka, nacho kilikuwa kimeandikwa ukutani. Kalenda. Jumapili ya Novemba 10 Manchester City walikuwa wanakuja Anfield, Liverpool wakiwa mbele yao kwa pointi sita. Kocha yeyote mwenye akili timamu, Jumanne ana Genk na Jumapili ana City, hataki 5-0 Jumanne. Anataka ushindi na miguu mizima. Msimamo wa Kundi E ulikuwa Napoli pointi 7, Liverpool 6, Salzburg 3, Genk 1. Liverpool walihitaji pointi tatu. Tofauti ya mabao haikuwa shida yao. Kwa hiyo mabadiliko ya kikosi yalikuwa yanatarajiwa, na yalikuja: Mané, Firmino na Robertson wakaanzia benchi. Mbele wakaanza Salah, Oxlade-Chamberlain na Divock Origi.

Origi huyo anastahili sentensi mbili kwa ajili ya ndugu zetu wa Kenya. Baba yake, Mike Okoth Origi, mshambuliaji wa Harambee Stars, alikuwa kwenye kikosi cha Genk kilichotwaa ubingwa wa Ubelgiji 1999, ubingwa wao wa kwanza, na Divock mwenyewe alilelewa kwenye akademi ya Genk kabla ya kwenda Lille. Usiku ule Anfield, kwa hiyo, damu ya Afrika Mashariki ilikuwa pande zote mbili za uwanja. Hilo nalo sikuliandika, nilikuwa nimeshughulika na kusifia.

Sasa twende usiku wenyewe.

Nilikwenda banda umiza, kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Nje kuna ubao wa chaki. Mwenye banda aliandika LIVERPOOL VS SAMATTA SAA 5. Genk hawakuwepo kabisa. Nikamwambia, mzee, umesahau kuandika timu. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, akasema, "Mwanangu, ningeandika Genk nani angeingia?"

Dakika ya 14 Wijnaldum akafunga kwa karibu, krosi ya Milner imegonga beki ikamwangukia. Dogo mmoja mbele yangu, ana mkeka, yaani tiketi ya kubashiri, wa timu nane kwenye simu, akasema kwa sauti kubwa, "Bado matatu." Alikuwa ameweka Liverpool washinde kwa tofauti ya mabao matatu au zaidi. Nikanyamaza, maana uchambuzi uliomtia moyo huenda ulikuwa wangu.

Ikafika dakika ya 40. Kona ya Genk. Mpira ukapigwa kuelekea mlingoti wa karibu. Samatta alianza kukimbia mapema, akamtangulia kila mtu, akaruka na kuupiga kwa kichwa kwa nguvu, ukapita Alisson kabla hajamaliza kunyoosha mkono. Hakuna Ito aliyeotea safari hii. Mpira wa kona hauna kuotea. 1-1. Kilichotokea mle bandani siwezi kukieleza vizuri kwa sababu na mimi nilikuwa juu ya benchi. Mashabiki wa Liverpool, watu waliovaa jezi nyekundu zenye jina la Salah mgongoni, walikuwa wanakumbatiana wakishangilia bao walilofungwa. Mwenye banda alisimama mlangoni ameshika kiuno, anatikisa kichwa taratibu kama aliyeambiwa habari ya mtoto wake kufaulu. Mtanzania amefunga Anfield. Hakuna aliyewahi.

Yule dogo wa mkeka naye alishangilia. Kisha akakumbuka, akakaa.

Mapumziko ilikuwa 1-1. Dakika ya 53 Salah akapokea mpira akiwa ameipa goli mgongo, akamlisha Oxlade-Chamberlain, 2-1. Baada ya hapo Liverpool walipata nafasi, kipa kijana Gaëtan Coucke akafanya kazi yake, na sikuona dalili kwamba Klopp alikuwa na haraka ya bao la tatu. Kwa nini awe nayo? Napoli usiku huo huo walitoka 1-1 na Salzburg. Liverpool wakapanda kileleni mwa kundi wakiwa na pointi 9, na miguu ya Jumapili imehifadhiwa. Kwa upande wao ilikuwa kazi iliyofanyika vizuri. Waliokwazika ni sisi wa 4-0.

Nimejaribu kuandika upya uchambuzi ambao ningepaswa kuutuma Jumatatu ile, kwa kutumia tu yale yaliyojulikana Jumatatu ile. Unakuwa mfupi kuliko wangu:

"Liverpool wanashinda. Hawajatoka Anfield bila kufungwa msimu huu, na kesho hawatatoka. Klopp atapumzisha watu kwa ajili ya City, kwa hiyo msitegemee mvua ya mabao; wiki hizi wanashinda kwa bao moja. Genk hawana kiungo wa kuwafungua kwa pasi, bao lao likija litatoka pembeni au kwenye mpira uliosimama, na mtu wa kulifunga ni mmoja, ambaye wiki mbili zilizopita alilifunga likakataliwa. 2-1 au 3-1."

Matokeo hayo mawili ya mwisho unaweza kuyabishia. Mtu angeniambia 3-1 ni kujihami, na ni kweli nimejiachia mlango. Lakini kila sentensi pale ina kitu nyuma yake. Kwa watu wa mikeka, maana najua mnasoma, ingekuwa GG, timu zote kufunga, na kukaa mbali na tofauti ya mabao mengi. Hiyo ya tofauti ndiyo iliyochana mikeka mingi usiku ule, kwa sababu kila mtu alinunua jina kama nilivyonunua mimi.

Kwenye kundi letu kulikuwa na kaka mmoja aliyeandika Jumatatu ile ile kwamba Samatta atafunga. Baada ya mechi alituma sauti ya dakika tatu akicheka. Nikampongeza, nikamuuliza alijuaje. Akasema aliota. Basi. Na huyo alikuwa amepata sahihi kuliko mimi mwenye aya sita. Kuna kitu cha kukera sana katika hilo, na sijapata namna ya kukimeza. Lakini kaka huyu aliota pia Samatta akifunga Napoli, na kule Genk waliondoka na 4-0, kwa hiyo ndoto zake nazo zina mechi za ugenini.

Genk waliburuza mkia: pointi moja, mabao matano ya kufunga, ishirini ya kufungwa. Katika hayo matano, matatu ni ya Samatta. Mazzù alifukuzwa mwezi ule ule wa Novemba. Januari 2020 Samatta akasaini Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, na sina shaka ile kona ya dakika ya 40 ilitazamwa mara kadhaa na watu wa Birmingham, mji wa Villa, kabla hawajafungua pochi.

Mimi niliondoka na kanuni yangu mpya: Anfield kila mgeni anafunga. Niliitumia Jumapili kwa City, wakafungwa 3-1, Bernardo Silva akafunga la kwao. Niliitumia kwa Napoli, 1-1. Brighton, 2-1. Everton, 5-2. Kwenye kundi wakaanza kuniita profesa. Desemba 14 wakaja Watford, wanashika mkia wa ligi, na nikaandika bila hata kufungua daftari: GG, weka mpaka hela ya nauli. Abdoulaye Doucouré akapata mpira mbele ya goli akaupiga hewa. Liverpool 2, Watford 0, sifuri ya kwanza ya mgeni Anfield msimu ule, na mimi nilirudi nyumbani kwa miguu.